Shajara ya vumbi: nyumba yetu ya Olasiti, Juni hadi Novemba

Nashona sare za shule nyumbani kwangu Olasiti, Arusha. Chumba cha mbele ndicho karakana, na kitambaa kinachopita sana mikononi mwangu ni tetroni nyeupe. Barabara ya vumbi iko hatua tisa kutoka ukutani. Shajara hii namwandikia yeyote anayeishi kando ya barabara kama yetu, aone nilichojaribu, kilichogoma na pesa iliyokwenda, asije akaanzia pale nilipoanzia mimi.

2 Juni 2025. Mashati yaliyorudi

Masika imekatika na barabara imeshakauka. Leo mwenye duka amenirudishia mashati 14 kati ya 40. Nilipoyaona mara ya kwanza sikuelewa tatizo, yalikuwa meupe. Akanikunjulia kola moja: kwenye mkunjo, mstari mwembamba wa kahawia, kama umechorwa kwa penseli. Kitambaa kilikuwa kimelala mezani usiku mmoja kikisubiri vifungo. Hakunifokea. Alisema tu, "Dada, hili siwezi kumpa mtoto wa mtu." Siku nzima imeishia kwenye kufua na kupiga pasi, na mwezi ujao shule zinafunguliwa.

Ndani ya nyumba hali ni ileile. Mtoto wangu wa pili anaamka na chafya kila asubuhi. Nafagia mara mbili kwa siku, na jioni ukiandika jina lako juu ya televisheni linasomeka.

5 Juni. Kupima kwanza

Nimeamua kila nitakachofanya nikipime. Fundi vioo amenikatia vipande vitano vya kioo, kila kimoja upana wa kiganja, vimetoka kwenye mabaki yake, bure. Kimoja nimekiweka kwenye meza ya kukatia, kimoja chumba cha watoto, kimoja chumba chetu, kimoja sebuleni, kimoja jikoni. Naviacha kuanzia saa sita mchana hadi saa sita ya kesho yake. Kisha nabandika selotepu juu ya kioo, naibandua, naibandika kwenye karatasi nyeupe na kuandika tarehe. Karatasi ya mfano ina tepu sita, kuanzia 0 iliyo safi hadi 5 ambayo huoni karatasi chini yake. Nalinganisha kwa macho.

Vipimo vya kwanza: meza 4, watoto 4, sebule 4, chumba chetu 3, jikoni 3.

Nimejaza pia udongo wa barabarani kiganja kimoja ndani ya chupa ya maji, nikatikisa, nikaiacha dirishani. Mchanga ulishuka kabla sijamaliza kuhesabu hadi sitini. Maji yaliyobaki juu yalikuwa kama chai ya maziwa, na leo asubuhi bado yana ukungu. Chembe ambazo hata ndani ya maji hazitaki kushuka, hewani zitaelea muda mrefu. Ardhi yetu huku kwa sehemu kubwa imetokana na majivu na mawe ya Mlima Meru, na volkano hiyo ilitoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910. Ikikanyagwa na magari inasagika kuwa unga.

11 Juni. Madirisha

Nilikuwa na uhakika adui anaingilia madirishani. Ni ya aluminiamu, ya kuteleza, na ukiweka mkono kwenye maungio unasikia upepo. Fundi amebadilisha brashi na raba zote (64,000), tumetumia tyubu tatu za silikoni (27,000), yeye nimemlipa 30,000. Jumla shilingi 121,000. Mimi mwenyewe nimeziba matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha kwa vipande vya sponji, na nilipoona vitundu vidogo kwenye reli ya chini ya kila dirisha, upande wa nje, nikaviziba pia kwa silikoni iliyobaki.

Vipimo baada ya siku tano: meza imeshuka hadi 3. Vingine vyote viko palepale. Chumba cha watoto, ambacho dirisha lake halitazami hata barabara, bado 4.

Hii ndiyo pesa kubwa niliyotoa mkupuo mmoja kwa matokeo madogo kuliko yote. Kama naanza upya, dirisha ningeliweka mwisho.

24 Juni. Kosa la hatari

Hili nalieleza kirefu kwa sababu lingeweza kutuua.

Juni Arusha ni baridi, na kama ilivyo kwa nyumba nyingi huku, nikiwa na kazi ya usiku naingiza jiko la mkaa ndani likishashika vizuri. Miaka yote nimefanya hivyo. Ila miaka yote matundu ya hewa yalikuwa wazi na madirisha yalikuwa yanavuja. Safari hii nyumba ilikuwa imezibwa kila upande. Saa mbili usiku kichwa kilianza kunigonga, nikadhani ni macho yamechoka kwa kutunga uzi. Binti yangu mkubwa akasema anataka kutapika. Mdogo alikuwa amelala kwenye kochi, na nilipomwita akaitika kwa shida. Baba watoto alirudi saa nne, akafungua mlango, akaliona jiko, akalitoa nje bila kusema neno, akafungua kila kilichofunguka. Tulikaa nje tumejifunika mablanketi hadi karibu saa saba.

Mkaa unapoungua hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, na hata mkaa uliowaka vizuri bila moshi unaitoa. Asubuhi nimetoa sponji zote kwenye matundu ya hewa. Badala yake nimebandika wavu wa mbu, unaobanduka ukafuliwa. Jiko la mkaa haliingii tena ndani ya nyumba hii, kuwe na baridi ya namna gani. Ukiamua kuziba nyumba yako, anza kwa kulitoa jiko.

29 Juni. Mstari juu ya shuka

Tangu zamani nilikuwa naona vumbi kwenye kitanda cha watoto likiwa limekaa kwa mstari, limenyooka kutoka kwenye mto hadi miguuni. Nilikuwa nalikung'uta na kuendelea na mambo yangu. Leo nimelala chali kwenye kitanda chao nikatazama juu: mstari uko sawasawa chini ya ungio la siling bodi. Ungio lina ufa unaopitisha kadi ya simu. Lori la kokoto likapita barabarani, na mbele ya macho yangu kikadondoka kitu kama chumvi.

Nimemwita kijana anayetufanyia kazi za umeme, akapanda darini na tochi. Alishuka nywele zikiwa za kijivu. Anasema kila mgongo wa bati pale unapokutana na ukuta ni mdomo wazi, unaona hadi nje. Juu ya siling bodi kidole kinazama hadi ukucha wote unapotea. Vumbi la miaka yote tuliyoishi hapa lilikuwa juu ya vichwa vyetu, na kila gari zito likipita linatikiswa kidogo likatushukia.

1 hadi 4 Julai. Dari

Siku ya kwanza tulikosea mpangilio. Kijana alipanda na ufagio, akafagia, na kwa dakika kumi nyumba nzima ikawa haionekani. Nyufa zilikuwa bado wazi! Turubai lilikuwa kitandani tu, na marobota mawili ya kitambaa yakachafuka. Mpangilio uliofaa tuliugundua siku ya pili: kwanza tuliziba nyufa kwa chini, utepe wa jipsamu na pauda yake, tukaacha vikauke. Kisha akapanda na brashi laini ya rangi na kizoleo, akakusanya polepole kuelekea kwake na kumwaga ndani ya kiroba, bila kurusha. Wote tulivaa barakoa. Vimetoka viroba viwili vya kilo 25, vimejaa zaidi ya nusu.

Midomo ya bati tumeifunga kwa wavu wa mbu uliokunjwa mara mbili. Kijana alitaka kuijaza zege, nikakataa, kwa sababu dari lisilopumua linahifadhi joto na unyevu, na mbao za kenchi zitaoza. Wavu hauzuii unga mwembamba, najua. Kilichookoa vyumba ni nyufa zilizozibwa.

Wavu mita 12 ni 54,000, jipsamu na utepe 22,000, barakoa 5,000, kijana 30,000. Jumla 111,000.

Vipimo vya tarehe 10: watoto 2, chumba chetu 2, sebule 3. Meza bado 3, jikoni bado 3.

11 hadi 19 Julai. Ufagio wa ndani

Jua la saa moja asubuhi linaingia sebuleni kwangu kupitia upenyo wa pazia, mwale mmoja mwembamba. Nimefagia kwa ufagio wa chelewa kama kawaida, kisha nimekaa kuutazama ule mwale. Vumbi kubwa lilitua mara moja. Jembamba liliendelea kuogelea, na baada ya dakika arobaini lilikuwa bado linang'aa hewani, na mimi kwa desturi huwa nafuta samani mara tu nikimaliza kufagia. Yaani nilikuwa nafuta meza kabla vumbi halijashuka. Unywele una upana wa maikromita kama 70, na chembe zinazopita pua na koo hadi kifuani ni zile zilizo chini ya 10, ndogo kiasi kwamba ufagio hauzikusanyi, unaziamsha tu.

Tangu siku hiyo ndani hatufagii kukavu. Tunafuta juu kwanza, rafu na televisheni, kwa kitambaa kilichokamuliwa, kisha tunapiga deki. Wiki ya kwanza tulikosea maji: dekio lilikuwa linachuruzika, sakafu ikikauka inabaki na michirizi ya tope, na vumbi lilelile likarudi. Sasa tuna ndoo mbili, moja ya kuloweka na moja ya kusuuzia, na dekio linakamuliwa hadi lisidondoshe tone. Fulana ya pamba iliyochoka inashika vumbi vizuri kuliko dekio la dukani. Ndoo na mpini, 21,000. Sebule imefika 2 ndani ya siku nane, jikoni 2.

20 Julai. Uwanja na Mama

Mama mkwe amekuja kututembelea kutoka Machame, Kilimanjaro. Kila siku saa kumi na mbili yuko uwanjani na ufagio wa vijiti, na ukitoka unakuta uwanja una michoro kama mkeka. Kwa Mama, nyumba ambayo uwanja wake haujafagiwa kabla ya watu kupita imelala njaa ya heshima. Lakini kipimo cha meza, ambayo iko upande wa uwanja, kilipanda hadi 4 wiki aliyofika.

Nilihangaika siku mbili nitamwambiaje. Mwishowe sikumwambia, nilimwonyesha. Nikaleta karatasi yangu ya tepu, nikasema, "Mama, naomba unitazamie hiki kitu." Nikamweleza tarehe. Akakaa nayo muda, akaisogeza juani, akapitisha kidole juu ya tepu ya wiki yake.

"Kwa hiyo kila asubuhi nawaletea wajukuu udongo ndani."

"Hapana, Mama. Hata mimi nafagia hivyohivyo ukiwa haupo."

Akanyamaza tena, kisha akasema neno ambalo limenibadilishia mradi mzima: "Kwetu hatufagii udongo, mwanangu. Tunafagia majani. Udongo wa kihambani, shambani kwetu, huuoni, umefunikwa na migomba. Hapa mmeuacha uchi."

Ni kweli kabisa. Kila asubuhi tulikuwa tunaikwangua ardhi tupu, tunaisaga, na upepo wa mchana unaoingia kutoka mashariki unaibeba. Nimeanza kwa kunyunyiza maji ya kusuuzia nguo kabla ya kufagia, ndoo mbili. Inasaidia hadi kama saa nne, kisha uwanja umekauka. Kwa hiyo suluhisho ni kufunika.

9 Agosti. Kokoto, nyasi, masale

Nusu lori ya kokoto za nusu inchi, 90,000, imemwagwa kutoka geti hadi mlangoni. Tuliimwaga juu ya udongo mtupu, na baada ya wiki mbili za kukanyagwa ikaanza kuzama. Ikabidi tuizoe upya, tutandike viroba vilivyopasuliwa chini, tuirudishe. Tandika kwanza.

Upande wa pili nimepanda pasipalumu, viroba kumi kwa 4,000 kila kimoja, nilivyonunua kwa muuza miche kwenye maonyesho ya Nane Nane pale viwanja vya Themi. Anasema nyasi hii kiangazi inataka maji kila jioni mpaka ishike, na maji ya kufulia yenye sabuni nyingi yanaichoma. Kona moja imeshaungua kwa njia hiyo.

Mama alirudi Machame na kumtuma shemeji na mzigo wa vikonyo vya masale. Isale kwa Wachaga ni mmea wa mpaka na wa kuombana radhi. Mama ameupeleka kwenye kazi nyingine, kukinga vumbi. Tumeyachomeka mistari miwili kando ya ukuta wa barabara, kwa kupishana. Yanashika polepole, ila hayafi. Majani yaliyoelekea barabarani yameanza kubadilika rangi kwa vumbi, na kila jani lililochafuka limebeba kitu ambacho kingekuja mezani kwangu.

25 Agosti. Tuta

Majirani tulichanga, 10,000 kila nyumba, na mwenyekiti wa mtaa akaridhia tuta la udongo karibu na geti letu ili magari yapunguze mwendo. Hesabu yetu ilikuwa sahihi, gari likienda kasi hutimua vumbi zaidi. Tulichosahau ni kwamba likishavuka tuta linakanyaga mafuta, na pale linapokanyaga ni mbele ya dirisha langu. Bodaboda nao wakafungua njia yao pembeni, karibu kabisa na masale. Tuta lenyewe likasagika. Meza: 4.

Tumelisawazisha leo. Mwenzetu mmoja alitaka tumwage oili chafu ya magari barabarani, nikapinga kwa nguvu zote, na kikao kikakubaliana nami. Mvua ikija, oili hiyo inateremka hadi kwenye bustani za mboga na mfereji ambao watoto wanachezea. Tumeweka kibao cha mbao kilichoandikwa kwa mkono kwamba watoto wanavuka. Madereva wa magari ya watalii wengi wanakitii. Malori hayakitii.

14 Septemba. Nyuzi

Nyumba nzima iko kati ya 1 na 2, isipokuwa meza ya kukatia, imegoma kwenye 3. Nimeichukua tepu yake nikaipiga picha kwa simu kwa karibu kabisa, nikaikuza. Nilitegemea kuona udongo. Udongo ulikuwepo, kidogo. Kilichojaa ni nyuzi: nyeupe za tetroni, za bluu za sketi, vijidonge vya pamba, zimesukana kama kiota, na chembe za udongo zimenaswa humo.

Miezi mitatu nimekuwa nikipigana na barabara, na nusu ya vumbi la meza hii nalitengeneza mimi kwa mkasi.

Marekebisho yamekuwa rahisi. Nimehamisha meza ya kukatia kutoka ukuta wa cherehani, maana feni ya dari ilikuwa inachukua nyuzi upande huu na kuzimwaga upande ule. Feni haiwashwi wakati wa kukata. Kila jioni kitambaa kilichokatwa kinaingia kwenye mfuko wa shuka kuukuu wenye mdomo unaofungwa kwa kamba. Cherehani naifuta mafuta yaliyozidi, kwa sababu mafuta yakichanganyika na vumbi ndiyo yanaacha ule mstari wa kahawia ambao maji hayautoi.

Tepu ya chumba cha watoto nayo imeonyesha nyuzi za blanketi na vijiganda vyeupe vya ngozi. Ngozi hiyo ndiyo chakula cha utitiri wa vumbi, na utitiri huleta chafya kwa wenye mzio. Shuka na foronya zao sasa zinafuliwa kila wiki kwa maji yaliyochemshwa, maana inatakiwa nyuzi joto 60 kuwaua. Blanketi linakung'utwa nje, mbali na dirisha. Mtoto bado anapiga chafya baadhi ya asubuhi, ila si zote, na daktari anaendelea kumfuatilia.

5 Oktoba. Vipimo na pesa

Huu ndio wakati mbaya kuliko yote, upepo ni mkali na mvua haijaja. Meza 2, watoto 1, chumba chetu 1, sebule 2, jikoni 2. Pesa hadi sasa 393,000: madirisha 121,000, dari 111,000, uwanja 130,000, deki 21,000, tuta 10,000. Mwenye kidogo aanze na ndoo mbili na kutazama nyufa za dari.

8 Novemba. Mvua ya kwanza

Vuli imeingia usiku na imenifichulia kosa la Juni. Vile vitundu nilivyoziba kwenye reli za madirisha ndivyo vinavyotoa maji nje. Mvua ilijaa ndani ya reli, ikafurika upande wa ndani, ikalowanisha robota moja la tetroni. Nimeamka saa tisa usiku na kisu cha kukatia karatasi, nimechokonoa silikoni kwenye kila kitundu, kimoja kimoja, nikisikia maji yakianza kutiririka ukutani nje.

Asubuhi tatizo limekuwa tope badala ya vumbi, na tope la leo miguuni ni vumbi la kesho ndani. Nimenunua mikeka miwili ya makumbi, 30,000: mmoja nje ya mlango wa kufutia nyayo, mwingine ndani kwa miguu iliyokwishavua viatu. Jumla ya mradi imekuwa 423,000. Nyasi imesimama isipokuwa ile kona iliyoungua, nimeipanda upya leo.

Kipimo cha meza baada ya mvua ni 1. Mwenye duka ameagiza mashati 60 ya Januari, na nimemwomba aje yeye mwenyewe akunjue kola zote kabla hajayabeba.